Nani Aligundua Kosa la Koobi Fora?

Kama umewahi kukaa kwenye semina ya vijana kanisani ambako somo la siku ni uumbaji na sayansi, huenda umelisikia jiwe la Turkana. Husimuliwa hivi. Wanasayansi walichukua majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, wakayapima umri, yakatoa miaka milioni 221. Jibu halikuwafaa. Wakapima tena, wakapata milioni 2.6. Miaka michache baadaye tabaka lilelile likawa la milioni 1.9. Hapo mwalimu huweka chaki mezani na kuwageukia vijana: wapendwa, saa inayotoa majibu matatu kwa swali moja, ninyi mtaitegemea kuendea kazini? Ukumbi unacheka, somo linaingia.

Nami nimekuwa mwalimu huyo. Nimelifundisha jiwe la Turkana miaka sita, katika mikoa miwili, kwa vijana waliojilipia nauli ili wapate neno la kuwasaidia shuleni. Sikuwa nadanganya; niliamini kila nilichosema. Kisha katika kongamano moja binti wa kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), akanyoosha mkono. "Shikamoo mwalimu. Samahani, hilo jibu la milioni 2.6, nani aligundua kwamba lilikuwa kosa?"

Sikujua. Nikasema walibishana wenyewe kwa wenyewe, nikarukia ukurasa uliofuata. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akashukuru, akakaa. Usiku ule nilikosa usingizi kwa jambo moja: kwa miaka sita nilikuwa nimelitumia kosa la watu wengine kama silaha bila hata kuuliza lilifichuliwaje. Kitabu cha Mithali kinatuambia kwamba anayejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka jirani yake aje amchunguze. Mimi nilikuwa nimemsikiliza wa kwanza tu.

Nimemfuata jirani. Haya ndiyo niliyoyakuta, na nayaandika kwa ajili ya ndugu zangu wanaofundisha kama nilivyofundisha mimi.

Tuanze na maswali yenyewe, kwa sababu maswali ya watetezi wa dunia changa, yaani wanaoamini dunia ina maelfu machache tu ya miaka, ni mazuri. Upimaji wa umri wa miamba hutegemea atomu ambazo hazijatulia. Potasiamu ndiyo rahisi kuieleza. Iko kwenye ndizi, iko kwenye damu yako, iko kwenye feldspa, ile fuwele nyeupe inayong'aa ndani ya miamba mingi ya volkano. Katika kila atomu 8,500 hivi za potasiamu kuna moja ambayo ni potasiamu-40. Hii huoza polepole mno. Nusu yake huisha baada ya miaka bilioni 1.25, na sehemu ya kinachooza hugeuka argoni, ambayo ni gesi. Lava ikiwa bado uji wa moto, gesi ile hupanda na kutoroka. Ikiganda, argoni inayozaliwa ndani ya fuwele hunaswa humo. Ukija baadaye ukaiyeyusha fuwele, ukaihesabu argoni iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, umepata muda uliopita tangu lava igande.

Sasa mtu mwenye akili timamu atauliza: umejuaje kwamba mwanzoni hapakuwa na argoni hata kidogo? Umejuaje kwamba katikati hapakuingia kitu wala kutoka kitu? Umejuaje kwamba kasi ya uozo imekuwa ileile siku zote? Nilikuwa nikiyauliza haya jukwaani kana kwamba hakuna mtu maabara aliyewahi kuyafikiria. Ukweli ni kwamba hayo ndiyo yanayokula siku za kazi za watu wale. Mashine yenyewe ya kutenganisha atomu kwa uzito humaliza kazi yake kwa muda mfupi. Muda mrefu huenda kwenye kuchagua fuwele chini ya hadubini, kuziosha, na kutafuta ile moja iliyochakaa pembeni ili itupwe.

Turudi Koobi Fora. Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer, wakati huo bado mwanafunzi, alikuta zana za mawe ndani ya tabaka la majivu, na tabaka likapewa herufi za jina lake: KBS, yaani eneo la Kay Behrensmeyer. Sampuli zikapelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Kipimo cha kwanza ndicho kilichotoa zile milioni 221 na ushee.

Hapa lazima niwe mkweli kwa pande zote. Jibu lile lilikataliwa, na sababu mojawapo ni kwamba halikuoana na visukuku vilivyokuwa kwenye matabaka yale. Watetezi wa dunia changa wakisema hivyo, hawasingizii. Lakini kuna jambo ambalo semina zetu hulinyamazia: majivu ya KBS hayakuanguka pale moja kwa moja kutoka angani. Yaliletwa na maji. Mto uliyazoa kutoka mbali, na njiani ukazoa pia mchanga wa miamba mingine mikongwe. Ukisaga konzi nzima ya udongo wa aina hiyo na kuupima kwa pamoja, umepima mchanganyiko. Ni sawa na kuchota maharage sokoni kwenye gunia ambalo muuzaji ameongezea ya msimu uliopita, kisha kudai umeujua umri wa shamba. Fitch na Miller waliliona hilo, wakaomba waletewe mabonge ya pumisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu ambalo hutoka kwenye volkano likiwa zima. Humo wakapata milioni 2.61, ikizidi au kupungua milioni 0.26, wakachapisha mwaka 1970.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, Bernard Ngeneo, mmoja wa wasaka visukuku Wakenya katika timu ya Richard Leakey, aliona vipande vya mfupa chini ya tabaka lile. Vilipounganishwa likatokea fuvu lililosajiliwa kwa namba KNM-ER 1470. Kwa kuwa lilikuwa chini ya KBS, lilipaswa kuwa kongwe kuliko milioni 2.6, na Leakey akatangaza milioni 2.9. Fuvu lile lilikuwa na ubongo mkubwa kwa umri huo. Lilimpa Leakey sifa duniani kote. Kumbuka hilo, kwa sababu linahusu nani alikuwa na faida ya kulitetea jibu lipi.

Na sasa swali la binti. Nani aligundua kosa? Nguruwe.

Basil Cooke alikuwa mtaalamu wa visukuku vya nguruwe. Nguruwe wa kale wa Afrika Mashariki wana kitu kinachomfurahisha mpimaji: gego lao la mwisho, lile la nyuma kabisa mdomoni, lilirefuka na kupanda juu kadiri matabaka yanavyosogea kutoka chini kwenda juu. Kaskazini ya ziwa, bondeni mwa mto Omo upande wa Ethiopia, matabaka yako kwa mpangilio mzuri na majivu yake yalikuwa yamekwisha kupimwa. Cooke aliyachukua magego ya Koobi Fora, yaliyotoka chini ya KBS, akayalinganisha na ya Omo. Yalifanana na yale ya Omo yenye takriban miaka milioni 2. Kama KBS ilikuwa milioni 2.6 kweli, basi nguruwe wa upande mmoja wa bonde walikuwa na meno ya wakati ambao upande wa pili haujafika. Ziwa ni lile lile, nguruwe ni wale wale.

Ndugu yangu mmoja niliyemweleza haya alinijibu haraka: unaona, wamebadilisha umri ili uendane na mageuzi ya nguruwe. Nilimjibu kwamba hata ukikataa mageuzi kabisa, hata ukisema kila aina ya nguruwe iliumbwa peke yake, bado unalinganisha aina zinazopatikana kwenye tabaka hili na zile za tabaka lile. Mchimba visima hufanya hivyo kwa rangi ya udongo. Isitoshe, nguruwe hawakutoa hukumu. Walitoa malalamiko tu, na malalamiko yakapelekwa kwa watu wasiojua lolote kuhusu meno.

Garniss Curtis wa Berkeley alipima upya akapata milioni 1.6 kwenye sehemu moja na milioni 1.82 kwenye nyingine, akachapisha mwaka 1975. Mwaka uliofuata kundi lililotumia njia tofauti kabisa, ile ya kuhesabu makovu ambayo urani huacha ndani ya fuwele za zirkoni inapopasuka, likapata milioni 2.44, jibu lililoelekea kuwapa ushindi Fitch na Miller. Kwa hiyo pakawa na ugomvi wa kweli, maabara kwa maabara. Halafu Thure Cerling, Frank Brown na wenzao wakaja na mlango wa tatu. Kila volkano hupika kioo chake kwa mchanganyiko wake wa madini, kiasi kwamba majivu ya mlipuko mmoja huwa na alama yake kama ya kidole. Wakaonyesha mwaka 1979 kwamba majivu ya KBS ni yaleyale ya tabaka moja la Omo linalojulikana kwa herufi H2. Mlipuko mmoja, matabaka mawili. Ian McDougall, akiwa Canberra, Australia, akapima kwa potasiamu na argoni, kisha kwa njia mpya zaidi ya argoni kwa argoni, akapata milioni 1.88, ikizidi au kupungua milioni 0.02. Andrew Gleadow akarudia yale makovu ya urani kwa uangalifu zaidi mwaka 1980: milioni 1.87. Mjadala ukaisha.

Nimekaa na hadithi hii miezi mingi, na kila nikiigeuza naona nilivyoisimulia vibaya. Nilisema wanasayansi walipima mpaka wakapata jibu walilolitaka. Leakey, mwenye nguvu kuliko wote katika ugomvi ule, alilitaka jibu la milioni 2.6, na alishindwa. Njia zilizokuwa na udhaifu tofauti, kila moja ikiwa na uwezekano wake wa kukosea kivyake, zilikutana mahali pamoja. Potasiamu haijui lolote kuhusu kovu la urani. Kioo cha volkano hakijui lolote kuhusu gego la nguruwe. Na upana wa ugomvi wenyewe, tangu ilipochaguliwa pumisi safi, ulikuwa kati ya milioni 1.6 na milioni 2.6. Nilikuwa nautumia ugomvi huo kuwashawishi vijana waamini miaka 6,000. Watu wakibishana kama kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 160 au 260, huwezi kusimama ukasema basi ni mita 600.

Hilo la milioni 221 nalo limepata dawa. Siku hizi hawasagi konzi. Tangu miaka ya 1980 wameweza kuichukua fuwele moja, ndogo kuliko punje ya chumvi ya mawe, wakaiyeyusha kwa mwali wa leza na kuipima peke yake, kisha ya pili, kisha ya tatu. Fuwele ya mwamba mkongwe iliyozolewa na mto huonekana hapohapo, imejitenga na wenzake. Swali letu zuri, lile la "umejuaje hakikuingia kitu", limejibiwa kwa kuzipima punje moja moja.

Silaha yangu ya pili ilikuwa mlima St. Helens, Marekani. Ulilipuka mwaka 1980, na ndani ya shimo lake likaota kuba la lava. Mwaka 1992 Steven Austin, mwanajiolojia mtetezi wa dunia changa, alichukua jiwe la kuba lile, akalipeleka maabara, likatoa miaka 350,000, na baadhi ya madini yake mpaka milioni 2.8. Jiwe la miaka michache! Lakini ukisoma kwa utulivu unaona mambo mawili. Kiasi cha argoni kinachozaliwa ndani ya miaka kumi ni kidogo mno, na maabara ya kawaida ya wakati ule haikuwa na mashine ya kukigundua. Ni kama kumpima mtoto mchanga kwenye mizani ya malori. Pia kuba lile lilikuwa na fuwele zilizokwisha kuganda tumboni mwa mlima kabla ya kutoka, zikiwa na argoni yake. Jambo hilo halikuwa siri. Brent Dalrymple alikuwa amechapisha tangu mwaka 1969 vipimo vya mitiririko 26 ya lava ambayo tarehe zake zinajulikana kihistoria. Mingi ilisoma sifuri kama ilivyotarajiwa, na michache ilikuwa na argoni ya ziada. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitangaza kasoro.

Kinachonigusa zaidi ni mlima mwingine. Vesuvius, Italia, ulilipuka mwaka 79 baada ya Kristo ukaifukia Pompeii, na Plinio Mdogo aliyekuwapo ameacha barua kuhusu siku ile. Mwaka 1997 Paul Renne na wenzake wakazichukua fuwele za mlipuko huo na kuzipima kwa argoni. Nazo zilikuwa na argoni ya ziada kidogo, kasoro ileile ya St. Helens. Ila walipima kwa namna ambayo huionyesha argoni ya mwanzo ni kiasi gani badala ya kuikisia kuwa sifuri. Wakapata miaka 1,925, ikizidi au kupungua 94. Miaka halisi tangu mlipuko ilikuwa 1,918. Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza niliiandika pembeni ya kitabu changu cha mahubiri. Tofauti ya miaka saba, kwa saa ambayo nusu yake huchukua zaidi ya miaka bilioni moja.

Habari ya kaboni nitaipita haraka, maana inasumbua semina zetu bila sababu. Kaboni-14 nusu yake huisha kwa miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi hakibaki cha kupima. Hakuna anayeitumia kupima umri wa miamba ya Olduvai. Mwalimu anayesema "kaboni imesema mifupa hii ina miaka milioni mbili" anapigana na mtu ambaye hayupo ulingoni.

Limebaki swali la tatu, la kasi. Na hapa ndipo nilipowaheshimu zaidi watetezi wa dunia changa, kwa sababu baadhi yao walifanya kazi ya kweli. Kuanzia mwaka 1997 hadi 2005, taasisi zao kubwa za Marekani ziliunda kundi la wataalamu wenye shahada za juu, mradi ulioitwa RATE, kuchunguza umri wa miamba. Mwishoni waliandika jambo ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa semina hata moja: kwamba miamba ya dunia inaonyesha kiasi cha uozo wa atomu ambacho kwa kasi ya leo kingehitaji zaidi ya miaka milioni 500. Walikubali kwamba uozo wenyewe umetokea kweli. Ili wabaki kwenye maelfu ya miaka, wakapendekeza kwamba Mungu aliiongeza kasi, katika juma la uumbaji na katika mwaka wa gharika.

Wakakubali pia, na nawapongeza kwa hilo, kwamba pendekezo lao lina shida ambayo hawakuitatua. Uozo wa atomu hutoa joto. Joto la miaka milioni 500 likimwagwa ndani ya mwaka mmoja linatosha kuyeyusha gamba la dunia, maji ya gharika yakiwa juu yake. Na kuna shida ya karibu zaidi. Mwilini mwa mtu mzima, kwa potasiamu aliyokula kwenye ndizi na maharage, atomu kama 4,000 huoza kila sekunde. Ni kidogo, haidhuru. Izidishe mara milioni 500. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: inatoka dozi ya kumwua mtu ndani ya saa chache, nayo inatoka ndani ya misuli yake mwenyewe. Hata ukiigawa kwa mia moja, ndani ya wiki Nuhu angekuwa ameipata dozi ya kufisha. Mungu angeweza kumkinga, bila shaka. Anaweza yote. Lakini Mwanzo haisemi alimkinga na potasiamu yake, na mimi siwezi kuwaongezea vijana muujiza ambao haumo katika Maandiko ili kuilinda hesabu ambayo nayo haimo. Miaka 6,000 haikuandikwa na Musa. Mwaka 4004 kabla ya Kristo uliwekwa na Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland mwaka 1650, kwa kujumlisha vizazi, kisha ukachapwa pembezoni mwa Biblia za Kiingereza mpaka wasomaji wakaudhani ni sehemu ya maandishi.

Wengine watasema kasi imewahi kubadilishwa maabara, na ni kweli. Reniamu-187 ikivuliwa elektroni zake zote, nusu yake huisha kwa miaka kama 33 badala ya mabilioni. Hali hiyo hupatikana katikati ya nyota. Jiwe lililovuliwa elektroni zote si jiwe tena.

Najua hofu iliyo nyuma ya haya yote, kwa sababu ilikuwa yangu. Kenya ilishuhudia mwaka 2006 na 2007 Askofu Boniface Adoyo na viongozi wenzake wa kiinjili wakipinga namna Makumbusho ya Taifa Nairobi yalivyokusudia kuonyesha mafuvu ya kale, akiwamo yule kijana wa Turkana ambaye Kamoya Kimeu aliuona mfupa wake wa kwanza mwaka 1984. Hofu inasema: ukikubali umri, umekubali tumetoka kwa nyani, na ukikubali hilo, Kristo alikufa kwa ajili ya nani? Ni swali zito, sitalidharau. Ila umri wa dunia haukuletwa na Darwin. Adam Sedgwick, padri wa Kianglikana na mwanajiolojia wa Cambridge, alikuwa amefundisha kwamba changarawe za Ulaya ziliachwa na gharika ya Nuhu. Mwaka 1831, miaka 28 kabla Darwin hajachapisha, alisimama mbele ya Chama cha Jiolojia cha London na kulikana fundisho lake hadharani, kwa sababu mawe yalimkatalia. Aliendelea kuwa padri. Na Darwin alipochapisha, Sedgwick alimpinga mpaka kufa. Mtu anaweza kuusoma umri wa mwamba bila kulipa kodi yoyote kwa Darwin.

Zamani zaidi, Augustino, mtoto wa Thagaste kaskazini mwa bara letu, alionya kwamba Mkristo akizungumza ovyo kuhusu mbingu na nchi mbele ya mtu anayezijua, akidai ndivyo Maandiko yasemavyo, mtu huyo hatamwamini tena anapomweleza habari ya ufufuo. Nilipoyasoma hayo nilimwona yule binti na daftari lake. Alikuwa anakwenda chuo mwaka ule. Huko angekutana na mwalimu anayeijua KBS kwa undani, na angegundua kwamba mwalimu wake wa kanisani alimpa nusu ya habari. Kama nilimficha nusu ya habari ya jiwe, kwa nini aniamini habari ya kaburi tupu?

Kuna kitu kimoja nataka walimu wenzangu wakitazame kabla hawajairudisha KBS ubaoni. Kitabu cha 2 Wafalme 20:20 kinasema Hezekia alitengeneza mfereji akaleta maji ndani ya mji. Mfereji huo upo mpaka leo chini ya Yerusalemu, unapita ndani ya mwamba zaidi ya mita 500, na watalii huutembea maji yakiwa magotini. Kwa muda mrefu kulikuwa na ubishi kama kweli ni wa Hezekia. Mwaka 2003 Amos Frumkin na wenzake walichukua vipande vya mimea vilivyonaswa ndani ya lipu ya mfereji wakavipima kwa kaboni. Wakachukua na mwamba-matone ulioota darini wakaupima kwa urani na thoriamu. Majibu yaliuweka mfereji kwenye mwaka 700 hivi kabla ya Kristo, siku za Hezekia. Tulishangilia. Nimeusikia mfereji huo ukihubiriwa kwa nguvu zote, na sawa kabisa. Lakini ni uozo wa atomu uleule, na maswali matatu yaleyale. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na mizani inayokubalika ikimpendelea Hezekia na kukataliwa ikimgusa nguruwe wa Turkana sijui niiite nini kingine.

Somo langu la kongamano la Desemba limekwisha kubadilishwa. Ukurasa wa jiwe la Turkana bado umo, sasa una picha ya gego la nguruwe na jina la Cooke, na zile namba zote, 221, 2.61, 1.82, 2.44, 1.88, kila moja na mwaka wake na njia yake. St. Helens nimeiweka pamoja na Vesuvius. Mchungaji wangu ameusoma, ameuliza maswali magumu mawili kuhusu Adamu ambayo sijayamaliza, na ameniruhusu nisimame.

Binti yuko chuo, mwaka wa pili. Nilimwandikia ujumbe: uliuliza nani aligundua kosa, nami sikujua, nisamehe; jibu hili hapa. Alijibu jioni yake, baada ya vipindi. Alisema swali lile bado analo kwenye daftari, na amelipigia mstari.